Tiyo ya Papa Nzabandora

Miaka ya hamsini, babu yangu Nzabandora njo alikuwa fundi wa tiyo za maji huku Lushebere. Tiyo ikigonga ukuta mtu akifunga robine ya maji, babu aliikaza kwa mikanda ya ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi ikikauka inabana, kelele inaisha.

Lakini ya kwake iligonga kama nyundo. "Fundi gani huyu?" majirani walicheka. Wajinga! Kwetu mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Kila alipotaka kuingia ndani, babu alinawa nje kwanza, tiyo ikagonga, mama yangu Athanasie akampisha.

Babu alishakufa. Leo nikinawa pale nje, mama anainuka haraka, kisha anakumbuka, anakaa.