Mlango Tuliouacha Umefungwa

Siku yangu ya kwanza katika kikosi cha uokoaji cha handakini nilivishwa barakoa ya kupumulia iliyobandikwa karatasi nyeusi kwenye kioo, nikaambiwa nipige magoti. Mkuu wa Zamu, Mfilipino mfupi aliyesema polepole kama mtu anayepima kila neno, aliinama karibu na sikio langu.

"Bwana Mwadime, huko ulikotoka moshi ulikuwa unaenda wapi?"

"Juu, mkuu."

"Basi lisahau hilo. Tunakokwenda hakuna juu."

Halafu akanipa ncha ya mpira wa maji, akanituma nitambae nao mpaka mwisho wake na kurudi, sioni kitu. Nilirudi nimechubuka viwiko. Aliniuliza nimegusa nini njiani, na nilipokosa kumweleza, akanirudisha tena.

Sikuwa mgeni wa kazi wala wa Doha. Nilikuwa nimetumika zimamoto Mombasa tangu ujanani, na miaka ya elfu mbili nikachukuliwa Qatar kulinda majengo marefu yaliyokuwa yakijengwa kwenye kisiwa cha Pearl. Huko nilikuwa chini ya Ofisa wa Usalama, Mhindi aliyeamini kwamba moto mwingi huanzishwa na sigara na mapishi ya wafanyakazi. Kazi ilikuwa kupanda ngazi, kukagua vizimamoto, na kunyang'anya watu majiko ya umeme. Nililala mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na Wakenya wenzangu, walinzi na madereva, na Ijumaa tulikwenda mtaa wa Najma kununua unga wa ugali. Yalikuwa maisha ya kawaida. Walipoanza kuchimba njia za treni chini ya jiji, na sehemu nyingine chini ya maji ya ghuba, walitafuta watu waliowahi kuingia motoni. Nikaandika jina langu.

Ninyi vijana mnaotaka kazi hii, nawaeleza jinsi handaki linavyopumua, maana mengine yote yanatokana na hilo. Mbele kabisa kuna mashine ya kuchimba, ndefu kama mtaa, na watu wake wanafanya kazi ndani yake. Nyuma, mbali sana, kuna shimo la kushukia, yaani kisima kipana chenye ngazi na kreni. Katikati ni bomba la zege lenye reli, ambamo kichwa cha treni hupeleka vipande vya ukuta na kurudi. Hewa safi husukumwa na feni kutoka juu, ikapita ndani ya mfuko mrefu wa turubai ulioning'inizwa darini, ikatokea kwa wachimbaji. Ikisha kutumika, hurudi yenyewe handakini hadi shimoni. Kwa hiyo moto ukiwaka katikati, moshi unakuja kwako wewe mwokoaji, na wachimbaji wanabaki na hewa. Wanabaki nayo mradi turubai halijaungua.

Likiungua, wana chumba cha kujihifadhi. Hicho ni kisanduku cha chuma ndani ya mashine, kina viti, maji, mitungi ya hewa na simu. Wakiingia na kufunga mlango, moshi hauwapati. Mkuu wa Zamu alikuwa akitufundisha jambo moja juu ya chumba kile kila wiki, hata tukachoka.

"Usimdanganye mtu aliye nyuma ya mlango," alisema. "Ukimwambia unafika sasa hivi na usifike, atatoka kukutafuta. Na akitoka atakufa."

Moto niliokutana nao huko ulitokea asubuhi moja, chai ikiwa bado ya moto. Mafuta yalivuja kwenye kichwa cha treni, yakashika. Kengele ilipolia tulikuwa tumeshavaa suruali na viatu, tukashuka shimoni wanne, mimi nikiwa kiongozi wa timu. Moshi ulikuwa umejaa kipenyo chote cha handaki, mweusi, unatujia taratibu bila kelele. Mkuu wa Zamu alibaki chini ya shimo, kwenye kituo cha hewa safi, pale ambapo timu huingilia na kutokea na ambapo simu imefungwa ukutani. Simu ya chumba ililia kabla hatujaingia. Akasikiliza, akaniita.

"Ni mwenzako. Zungumza naye."

Alikuwa Baraka, kijana wa Eldoret, mpiga ishara wa mashine. Tulijuana kanisani.

"Mzee, turubai limeungua. Tumeingia ndani wote, tumefunga. Lakini Wasswa hayuko na sisi."

Wasswa ndiye aliyekuwa akiendesha kichwa cha treni, Mganda mpole kutoka Jinja.

"Hakuja upande wenu?"

"Hapana. Mzee, nitoke nimwangalie? Pengine yuko hapo tu."

"Usitoke. Tunaingia sisi. Kaa hapo na watu wako."

Tuliingia. Mkono mmoja kwenye reli, mwingine kwenye bega la aliye mbele. Kila hatua chache nilisogeza geji ya mtungi mbele ya kioo nione hewa iliyobaki, maana sheria yetu ilikuwa ya thuluthi: thuluthi moja ya kwenda, thuluthi moja ya kurudi, na ya tatu huigusi ila kwa balaa. Joto lilizidi. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, naungama, na nikihesabu pumzi zangu ili zisiende mbio.

Tukampata Wasswa amelala kando ya reli, uso chini, kijisanduku chake cha kujiokoa kikiwa bado mdomoni. Kile ni kifaa ambacho kila anayeshuka hufungwa kiunoni. Humpa hewa ya kumtoa tu. Alikuwa amekitumia kutembea kuelekea shimoni mpaka nguvu zikamwisha. Nilimgusa shingo. Moyo ulikuwa unapiga.

Tulipokuwa tunamfunga kwenye machela, Gurung, Mnepali aliyekuwa wa pili wangu, alinivuta mkono akaonyesha mbele. Mwanga mwekundu ulionekana sasa. Akapaza sauti kupitia barakoa, "Moto uko pale! Wawili tumpeleke huyu, wawili tuendelee! Wenzetu wako ng'ambo tu!"

Nilitazama geji. Ilikuwa imefika pa kurudi. Nilimjua Gurung, mmoja wa waliokuwa kwenye chumba alikuwa wa kijiji chake. Na mimi nilimjua Baraka. Nikatikisa kichwa, nikanyoosha mkono kuelekea shimoni. Alisimama kidogo, halafu akashika mpini wa machela.

Tuligeuka. Katika kazi yangu yote hakuna mwendo ulioniwia mzito kama ule, na si kwa sababu ya uzito wa Wasswa.

Tulipotoka, askari wa zimamoto wa serikali walikuwa wameshashuka, na ofisa wao, Naqibu kwa cheo, yaani kapteni, alikuwa akipanga timu yake kuingia na mpira wa maji. Muuguzi wa kambi, dada yetu kutoka Kakamega, alimpokea Wasswa akamwekea oksijeni bila hata kuniangalia. Mudiri wa Mradi, yaani meneja wake mkuu, naye alikuwa ameshuka, jasho linamtiririka kwenye kola.

"Waambie wa ndani tuko mlangoni kwao," akaniambia. "Waambie tumefika. Wasipagawe."

Nilimtazama Mkuu wa Zamu. Aliinua simu akanipa.

"Baraka, ni mimi."

"Mko wapi, Mzee? Mmefika? Huku joto ni noma, na kuna jamaa analia anataka kufungua mlango."

"Tumempata Wasswa. Yuko hai, yuko na muuguzi. Lakini hatukufika kwenu. Hewa ilikuwa imefika mwisho wake, tumerudi."

Nilisikia watu wakiuliza nyuma yake kwa lugha zao.

"Mnatuacha?"

"Kwa sasa, ndiyo. Timu nyingine inaingia kuzima moto. Haitafika haraka. Itachukua muda mrefu, mrefu kuliko unavyotaka. Hewa ya chumba inatosha. Ukifungua mlango, hiyo hewa umeimwaga."

Alinitukana, tusi la Sheng ambalo sikulijua lakini nililielewa. Halafu nikamsikia akiwageukia wenzake, akiwaeleza kwa Kiingereza na Kihindi cha kambini kwamba waokoaji wamerudi nyuma na mlango haufunguliwi. Mtu mmoja alipiga kelele. Baraka akampigia kelele zaidi.

Sikuiweka simu ile chini. Tulizungumza mambo ya kwao, mvua, mama yake, timu ya mpira. Mara nyingine hakujibu nami nikaendelea tu. Timu ya Naqibu iliingia na kutoka, ikaingia nyingine. Moto ulizimwa, turubai likaungwa, feni zikasukuma moshi nje. Adhana ya alasiri ilikuwa inasikika juu ya shimo walipoletwa, wote, kwa miguu yao, wamelowa jasho na kupepesa macho. Gurung alimkumbatia mtu wake. Baraka alinipita kama anayepita ukuta.

Muda mrefu alikaa hivyo. Kanisani alihamia benchi la nyuma. Siku moja akanifuata nje baada ya ibada.

"Nilikuchukia siku ile, Mzee," akasema. "Na yule jamaa alikuwa ameshashika mpini wa mlango. Nilimwambia, huyu mzee ametuambia mabaya yote bila kuficha, kwa hiyo hata hilo la hewa ni kweli. Ndiyo akauachilia."

Nilimshika mkono, tukaenda kunywa chai.

Wasswa alipona, lakini mapafu yake hayakurudi kuwa ya mtu wa handakini. Alienda kwao Jinja, na mpaka leo hunipigia simu akikohoa na kucheka. Mimi baadaye nilihamishiwa stesheni zilizokamilika, chini ya Mkuu wa Mafunzo, kufundisha wafanyakazi kuwatoa abiria kwa mstari, wenye watoto na wazee kwanza, kupitia njia fupi zinazounganisha handaki na handaki. Nilistaafu treni zilipoanza kubeba watu, nikarudi kwetu Voi.

Vijana wa huku huniuliza nilizima mioto mingapi, na ule mkubwa ulikuwaje. Nawaambia ule mkubwa waliuzima wengine. Mimi nilirudi nikapokea simu.