Vichupa Tisa, Mkojo Mmoja

Kabla sijaugua nilikuwa mwanamke wa mbio. Nikipika mahamri ya kuuza, nikipanda ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale na ndoo ya maji, huku naimba.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, kiu ilinishika. Nilikunywa, nikaenda chooni, nikarudi mtungini. Nguo zikanipwaya. Kidonda cha kidoleni, cha kukwaruzwa na kiatu tu, kikakataa kupona, kikaanza kunuka. Nikakifunga kitambaa, nikafukiza udi.

Ndipo watafiti wakaja kuchunguza afya ya wanawake wenyeji wa mtaa wetu. Aliyeingia majumbani ni Kadzo, binti wa Kigiriama mwenye adabu. Aligawa vichupa vya mkojo kwa wanawake tisa ukumbini kwetu, sisi wa nyumbani na majirani, akaandika majina, akasema atavifuata kesho.

Alipotoka tu, Bi Rukia, mavyaa yangu, mama wa mume wangu, alikisukuma chake kando kama chenye nge ndani.

“Walikuja wa kupima nyumba zetu. Wakaja wa kupiga picha milango. Sasa wataka mkojo! Wa nini?”

“Tuwape wa mtu mmoja,” akasema wifi yangu Zuhura. “Si huyu hapa? Kutwa yu chooni. Mwaya, tujazie!”

Tulicheka sote. Nilivijaza vyote tisa siku ile ile, bila taabu. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Baada ya wiki Kadzo alirudi, uso umemsawajika. Akatukusanya ukumbini.

“Mama zangu, nyote tisa mna ugonjwa wa sukari, tena mwingi. Twendeni hospitali leo.”

“Siwaambii?” Bi Rukia aliruka. “Watutia ugonjwa kwa karatasi, kesho watuuzie dawa! Nenda salama, mwanangu.”

Kadzo akaanza kukunja karatasi zake. Mguu ulikuwa ukinipwita. Nikisema, namwaibisha mavyaa mbele ya majirani. Nikinyamaza, huyu aenda zake. Alipofika mlangoni nikasema, “Ni wangu. Vyote tisa.” Nikafungua kitambaa.

Harufu ilijaa ukumbi. Bi Rukia akapiga magoti, akaushika mguu wangu.

“Na mimi nikakuacha ujaze,” akasema. Akamgeukia Kadzo. “Twende. Lakini sibanduki ubavuni mwake.”

Nililazwa wiki tatu. “Ungekawia, tungekata mguu,” daktari aliniambia. Kidole kimoja kilikatwa. Bi Rukia hakumwamini mtu. Kila sindano alitaka ifunguliwe mbele ya macho yake.

“Bibi, mwatuchosha,” muuguzi akalalamika.

“Choka, mwanangu. Ila hiyo nimeikuta wazi. Lete nyingine.”

Leo najidunga mwenyewe, asubuhi na jioni. Nachechemea, lakini natembea. Namshukuru Mola, kisha Kadzo aliyefukuzwa akageuka mlangoni, kisha mavyaa yangu mwenye macho makali. Wenzangu wanane walipimwa upya; Zuhura naye alikutwa na sukari. Bi Rukia alimhoji Kadzo tangu adhuhuri hadi alasiri kabla ya kukubali kupimwa.

Dada zangu, siwaambii mumwamini kila abishaye hodi. Muulizeni atafuta nini, atakipeleka wapi, nanyi mtarudishiwa nini. Asipojibu, mnyimeni. Lakini msimdanganye. Na wewe mwenye kiu isiyokatika na kidonda kisichofunga, usingoje mtafiti. Nenda leo ukapimwe, na umtazame vizuri anayekudunga.