Akina Smith Hawaoani

Sauti ninayoikumbuka zaidi ya Tottenham si ya treni wala ya mabasi, ni ya karani wa zahanati yetu akiita "Smith!" Chumba kilijaa vikohozi na harufu ya makoti yaliyolowa mvua, na jina hilo likitamkwa, watu watatu wanne huinuka pamoja: babu wa Kizungu mwenye mkongojo, mwanamke wa Sierra Leone na mwanawe mgongoni, na mimi. Mama, mzaliwa wa Bukoba, alinisukuma begani. "Waamkie. Ndugu za baba yako hao." Nami nikawapa mkono mmoja mmoja kwa adabu zote. Walicheka, lakini hakuna aliyeukataa mkono wangu.

Kwa Mama, jina la ukoo halikuwa kitu cha kujazia fomu. Kwao kila ukoo una mwiko wake: hawa hawali kondoo, wale hawagusi samaki fulani, na wenye ukoo mmoja hawaoani hata wawe hawajawahi kuonana. Baba alizaliwa Jamaika, akaletwa London angali mdogo, akawa dereva wa basi. Imani hizo za Mama alizisikiliza akitabasamu, kisha akarudi kwenye redio yake.

Mambo yaliharibika kiangazi kile dada yangu Koku alipomleta mchumba nyumbani. Dani alikuwa Mzungu mpole, fundi wa lifti, na alizila ndizi za Mama mpaka sahani ikang'aa. Mama alimpenda, na hapo ndipo palipouma. Akamuuliza jina la baba yake. "Smith," akajibu Dani kwa furaha, akidhani amepata pointi. Mama akauweka chini mwiko wa kupakulia, akaushika ule mwingine, usiopakua kitu. Mgeni alipoondoka akamwambia Koku, "Huyo ni kaka yako. Akina Smith hawaoani."

Koku alilia, akabishana, akaacha kula. Jioni moja akamweleza Mama kwamba Smith maana yake mhunzi. Kila kijiji cha Uingereza kilikuwa na mtu wa kufua viatu vya farasi na majembe, na watu walipoanza kurithishana majina, wahunzi wengi waliwaachia watoto wao jina la kazi. Wa kaskazini na wa kusini hawakuwa ndugu, walichangia nyundo tu. Maneno ya busara kabisa, ila Mama alikuwa ameshapandwa na mori. "Mwacha mila ni mtumwa!" akafoka.

Baba, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye majina ya vyakula, akauliza maana yake. Koku akasita, kisha akamtafsiria. Baba akazima redio. "Babu wa babu yangu hakuwa mhunzi," akasema taratibu. "Smith lilikuwa jina la aliyemnunua."

Mama akakaa. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuuliza. "Na jina lenu wenyewe?" Baba akatikisa kichwa. Mama akaingia jikoni kuosha mchele aliokwisha kuuosha, nami nikamwona akijifuta macho kwa kanga. Niliwahurumia wote wawili, na methali ile sikuisikia tena kinywani mwake.

Hata hivyo mwiko hauvunjwi kwa huruma, ulihitaji mlango wa kutokea. Jumapili Mama akamwalika baba yake Dani, mjane mstaafu aliyekuja na maua. Katikati ya chakula akamuuliza, "Mzee, akina Smith wa kwenu hawali nini?" Yule mzee akadhani anaulizwa asije akapikiwa kibaya. "Maini," akasema. "Baba yangu hakula, babu yangu hakula, na huyu Dani hayawezi." Mama akamgeukia Baba, ambaye bila maini na ndizi mbichi Jumapili yake haikuanza. Uso ukamchanua. "Basi hawa ni ukoo mwingine! Waoane." Baba alicheka mpaka akashika ubavu, na Koku akamkumbatia mkwe wake mtarajiwa, ambaye hakuelewa hata chembe.

Siku hizi Tottenham watu huchangamana bila kuulizana miiko, na sisikitiki. Wakati wetu habari ya jina letu ilisubiri ugomvi ndipo isemwe. Watoto wa Koku mimi nawasimulia mezani, mchana kweupe: upande mmoja jina lilitoka kwenye karakana, upande wa pili lilitoka kwa mnunuzi wa watu. Majuzi binti yake mdogo alinisikiliza, akauliza kwa Kiingereza chake cha shuleni, "Sasa yule babu aliyenunuliwa, jina lake la kweli lilikuwa nani?" Mama, aliyezeeka sasa, akamvuta mtoto karibu, akamjibu kwa Kiswahili.

"Hatulijui, mjukuu wangu. Lakini alikuwa nalo."