Siku Niliyohamia Linux Nikaumbuka Ipole

Naona niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Neema, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, na aibu niliyoipata mimi Sesilia pale Ipole haikuhitaji chumvi hata punje. Ni kweli, niliumbuka mbele ya ukumbi mzima. Na ni kweli, nilijitakia.

Mimi nina steshenari yangu ndogo Mtendeni, hapa Tabora mjini, nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Lakini kwetu ni Ipole, na kule mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki (cheo nilichopewa kwa sababu moja tu, kwamba nina kompyuta). Msimu huu tukapata bahati: wanunuzi wawili wa Dar wakasema watakuja kutuona, na wakiridhika watachukua asali yetu msimu huu na inayofuata. Kwetu hilo si jambo dogo. Asali ya msimu uliopita ilikaa kwenye madumu hadi ikaganda, na kuna wanachama walishaanza kusema bora warudi kwenye tumbaku. Basi nikapewa kazi ya kuandaa maelezo na picha, niwaonyeshe wageni kwa projekta.

Sasa hiyo kompyuta. Ilikuwa na Windows ya siku nyingi, imechoka, ukiiwasha asubuhi unaweza kusonga ugali, ukala, ukaosha na sufuria, ndipo inakuuliza nywila. Binamu yangu Deo, anayefundisha kompyuta katika sekondari moja hapa mjini, mwaka mzima alikuwa ameniimbia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows: dada, ni ya bure, virusi vyenyewe utavisahau, kompyuta kama yako itafufuka. Mimi namjibu nitaona, nitaona. Jumanne, siku mbili kabla ya wageni, ile kompyuta ikaganda nikiwa katikati ya kupanga picha, hasira zikanipanda, nikaibeba kwapani hadi kwa Deo.

"Niwekee hiyo Linux yako. Leo leo."

"Leo hapana, dada," akasema. "Tuijaribu kwanza kwenye flashi bila kufuta kitu, uone kama printa yako inaikubali, uone mafaili yako yanafunguka vipi. Shughuli ikipita, ndiyo tuhamie."

Angalieni hapo. Aliyenibembeleza mwaka mzima ndiye aliyenizuia, na mimi niliyekataa mwaka mzima ndiye niliyeng'ang'ania.

"Deo, futa Windows."

Akahifadhi mafaili yangu kwenye flashi, akafuta.

Na niseme haki, ilivyowaka! Kufumba na kufumbua iko tayari, intaneti imeingia, picha zinafunguka, naandika barua kama kawaida. Nikatembea Mtendeni nikijiona injinia (jirani yangu muuza vitenge nilimweleza habari za Linux hadi akaniuliza inatibu nini). Printa iligoma, nikasema hiyo ni ya wiki ijayo. Maelezo yangu nilipoyafungua kwenye programu mpya, maandishi yalikuwa yamehama, mengine yamepanda juu ya picha za mizinga, nikayanyoosha moja moja nikanyamaza. Projekta sikuijaribu. Ningeijaribu wapi, wakati ya kuazima ilikuwa inanisubiri hukohuko Ipole?

Alhamisi saa nne asubuhi ukumbi wa kanisa umejaa. Akina mama wamefunika madirisha kwa vitenge ili kuwe na giza, shuka jeupe limetundikwa ukutani, wageni wamekaa mstari wa mbele: mama mmoja mwenye miwani, mpole, haongei, na kaka mmoja mwenye shati la maua. Mimi niko mezani nimewatazama watu, shuka liko nyuma yangu. Nikachomeka waya. Shuka likabaki na rangi ya buluu tupu. Nikachomoa, nikachomeka. Buluu.

Yule kaka akainuka. "Dada, tumia kompyuta yangu. Weka tu flashi hapa."

Ingekuwa kazi ya dakika moja. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikacheka nikamwambia, "Hapana kaka, hii ni Linux, haisumbui."

Mwenyekiti wetu, Mzee Maganga, akaona ninavyohangaika, akanisaidia kwa namna anayoijua yeye. Akachukua kipaza sauti.

"Mwangaluka!" akasalimia, ukumbi ukaitika, naye akaanza habari ya babu yake. Habari hiyo Ipole nzima tunaijua, jinsi babu alivyobeba mzigo wa nta begani kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo enzi za misafara, na Mzee Maganga haruki kituo hata kimoja. Siku nyingine ningeguna. Siku hiyo nilishukuru. Simu yangu ilikuwa dirishani, ndipo mtandao unaposhika, ikiipa kompyuta intaneti, kwa hiyo nikafungua WhatsApp kwenye kompyuta yenyewe nikamwandikia Deo.

"Projekta haionyeshi kitu. Nakufa."

Akajibu, "Ingia kwenye mipangilio ya skrini, chagua projekta ionyeshe sawa na kompyuta yako. Zingine huchelewa, subiri kidogo. Vuta muda."

Nikabonyeza, nikageuka, bado buluu. Nikarudi kuandika.

"Muda ninao. Mwenyekiti kashika kipaza sauti, na babu yake ndio kwanza yuko Tura. Hadi afike Bagamoyo, wewe utakuwa umetoka Tabora kwa miguu umenifikia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikainua macho. Mzee Maganga alikuwa amefika mahali babu anafukuzwa na kifaru, nikadhani wanamcheka kifaru. Mzee naye akadhani hivyohivyo, akachangamka, akamrudisha kifaru akamfukuza babu mara ya pili.

"Wageni wanaonekanaje?" Deo akauliza.

"Mama kanuna kama kalamba ndimu. Kaka wa shati la maua anacheka peke yake, sijui ana nini."

Kicheko tena, watu wanapiga na meza. Nikajisemea, leo Mzee ana upako.

"Na picha za mizinga ya kisasa zimekaa vizuri?"

"Zimekaa. Omba tu wasiulize iko wapi, maana ni ya wenzetu wa Kaliua. Sisi bado tuko na mizinga ya magome."

Safari hii hakucheka mtu. Kimya kilichoingia mle ndani kilinifanya niache kuandika. Mama Neema, mjumbe mwenzangu, akaja kwa ncha za vidole akaniinamia sikioni.

"Katibu, geuka."

Nikageuka. Jamani. Shuka zima, maneno yangu, makubwa kuliko mlango, na mshale wangu umesimama palepale kwenye neno magome.

"Mbona mmenyamaza?" Mzee Maganga akauliza, akilikodolea macho shuka. "Miwani sina. Mama Neema, hebu nisomee."

Mama Neema alinitazama kwa huruma, lakini mzee akishakuagiza unafanyaje? Akasoma. Yote, kuanzia nakufa, na kwa kuwa alikuwa amesimama ubavuni mwa Mzee, kipaza sauti kilidaka kila neno, hata waliokuwa nje wanapika pilau walisikia.

Mzee akanyoosha kidole kwenye shuka.

"Hapo anasema babu yuko wapi?"

"Tura, Mzee."

"Si kweli," akasema kwa masikitiko kabisa. "Tura tulishapita. Tuko Kilimatinde."

Ukumbi ulipasuka. Yule mama wa ndimu alivua miwani akafuta machozi, kumbe anajua kucheka hivyo. Mimi nikaenda kupiga goti mbele ya Mzee Maganga, nikaomba radhi, kisha nikasimama nikawaambia wageni ukweli, kwamba zile picha si zetu, nilitaka tuonekane watu wa kisasa.

"Mwanangu," Mzee akasema, sasa bila utani, "ya babu nimesamehe. Ya mizinga umetukosea wote. Kwani yetu ina aibu gani?"

Aliyeniokoa ni yule mama mgeni. "Mimi sikuja kutazama picha," akasema. "Nipelekeni kwenye hayo magome."

Wakaenda porini na Mzee Maganga kwenye gari lao, mimi nikabaki ukumbini nakunja shuka. Sikuonyesha picha hata moja siku ile. Waliporudi, kaka wa shati la maua alikuwa na alama mbili za nyuki shavuni na asali hadi kwenye kola. Hawakuahidi makubwa. Walichukua madumu machache ya majaribio, wakasema wakirudi wakute maelezo mapya, picha za mizinga yetu wenyewe. Walirudi, na wakachukua yote. Bila Mzee na mizinga yake ya magome ningekuwa nimewarudisha wenzangu kwenye tumbaku.

Na Linux? Ninayo hadi leo. Printa Deo aliishughulikia nusu siku ikakubali. Fomu za wateja wengine bado zinafunguka zimepinda, hizo nazipeleka kwa jirani mwenye Windows, sioni haya. Mtu wa kawaida anayeandika barua, kusoma habari na kutazama mpira anaweza kuhamia, namhakikishia. Lakini aijaribu kwanza, na ahame siku ambayo hana wageni, na mtu akimwambia subiri, asubiri.

Kuhusu vidole vyangu, nimeviapisha. Siku hizi Mzee Maganga akishika kipaza sauti, mimi mikono yangu yote miwili naiweka juu ya meza, mahali kila mtu anaiona, na nasikiliza hadi mwisho.