Nyumba Tumejenga Wawili, Ufunguo wa Kisima Anao Wifi

Admin, jina langu libaki huko huko kwenye simu yako, maana huku Newala wanaosoma ukurasa huu ni wengi na wifi yangu ni mmoja wao. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, fundi cherehani, kwetu ni Lisekese, Masasi. Nimeolewa, na nina mimba ya kwanza. Mume wangu hanywi, hajawahi kuninyanyulia mkono, michepuko sijaisikia. Angekuwa mlevi ningejua pa kuanzia kumsema.

Kwa msiotoka huku niwaeleze kidogo. Kwetu Wamakua, na kwa kina mume wangu Wamakonde pia, mila ya zamani ni kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanaume akioa anahamia kwa mke. Mama yangu alishanitengea kiwanja pembeni ya mikorosho yake. Lakini huyu bwana alipokuja kuposa aliwaambia wajomba zangu kwa upole kabisa, "Wazee wangu, mila naziheshimu, ila dunia imebadilika. Gereji yangu ya pikipiki iko Newala. Niruhusuni nikaishi na mke wangu kule." Wajomba wakakubali. Mama peke yake ndiye aliyenivuta jikoni akaniuliza, "Mwanangu, unakwenda kujenga kwenye ardhi ya nani?" Nikamjibu, "Ya mume wangu, mama." Akaendelea kuchambua kisamvu chake. Kiwanja changu akapewa mdogo wangu, na sasa ameshajenga.

Jamani, tulijenga kwa raha! Tulikuwa tunakaa chumba cha kupanga, tukitoka kazini tunakwenda moja kwa moja kwenye msingi wetu. Huku Newala juu mlimani maji ni mali, bomba linatoka linapotaka lenyewe. Maji ya kukandia udongo wa tofali niliyabeba mimi kichwani, na mume wangu akinitania, "Mke wangu, hizi tofali zimekunywa kuliko sisi." Mabati ya mbele yametoka kwenye cherehani yangu, sare za shule na magauni ya harusi za watu. Tukachimba kisima cha maji ya mvua, tukakijengea, tukafunga mifereji kwenye bati. Mvua ya kwanza iliponyesha nyumba haikuwa hata na milango. Tulisimama ndani tukisikiliza maji yanavyoingia kisimani, akanishika mikono tukacheza kwenye vumbi la saruji kama watoto. Siku ile niliona hakuna mwanamke tajiri kama mimi. Mapazia nilishona mwenyewe, na ukiniuliza yako wapi leo, yamekuwa mashuka ya wapwa zake.

Hatukukaa sana tangu tuhamie, likaja guta, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, limebeba magodoro, masufuria na watoto. Nyuma yake wifi yangu mkubwa, Mama Salma, ambaye mumewe amemuacha. Nikamsalimia, "Shikamoo wifi." Akasema, "Marahaba. Chumba cha mbele analala nani?" Nikamwambia tunalala sisi. Akasema, "Basi hamieni cha nyuma. Wenye nyumba hawalali nyuma." Nikacheka, nikajua ni utani wa mawifi. Kugeuka, mume wangu ameshapanda kwenye guta anashusha godoro.

Watoto walipokwenda kucheza nikamuuliza kuna nini. Akanishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Kiwanja hiki ni cha ukoo wa mama yetu. Ukijenga kwenye ardhi ya mama, nyumba ni ya dada na wanawe. Mimi ni mjomba tu, kazi yangu kuwajengea wapwa. Nilidhani unajua, wewe si mtu wa huku huku?" Nikamwambia, "Wewe si ulisema mila zimepitwa na wakati?" Akasema, "Nilisema ile ya kuhamia ukweni."

Mmeona? Mila yeye aliikata katikati. Nusu iliyomtaka awe mgeni kwetu akaitupa, nusu inayonifanya mimi niwe mgeni kwao akaibakiza. Nina hasira mpaka sindano inanichoma vidole.

Siku hizi kisima kina kufuli, na ufunguo wifi anauvaa shingoni. Alisema, "Maji haya ni ya watoto, siyo ya kufulia vitambaa vya wateja." Kila asubuhi nachukua ndoo yangu, nampigia shikamoo, naomba maji niliyoyajengea mwenyewe. Mume wangu anaoga hayo hayo niliyoyaomba, halafu ananiambia nivumilie.

Juzi nilimlipukia wifi. Hata hakupandisha sauti. "Mimi sijakunyang'anya kitu, mama. Nimeachwa, nina watoto, nimerudi kwenye ardhi ya mama yangu. Na wewe una mama, una wajomba. Kajengewe kwenu." Kilichoniuma ni kwamba anasema kweli kwa mila zetu wote. Mtoto niliyembeba ni wa ukoo wangu. Hapa hana hata tofali moja, na kwetu kiwanja nilishakiacha mwenyewe.

Mama amepiga simu, anataka nikajifungulie kwake kama ilivyo desturi. Mume wangu anasema niende, nikipata nguvu nirudi "nyumbani kwetu". Nimemuomba tukapange chumba tuanze upya, akajibu hawezi kutoa jasho lake mara mbili. Jasho lake! Ndugu zangu, nikishatoka na cherehani yangu, nirudi kwa mwanaume mpole anayenipenda kwenye nyumba ya dada yake, au nibaki kwetu na mtoto, nipange chumba changu? Nisemeni, hata mkinitukana nitasoma, lakini niambieni nishike lipi. Mvua zimeanza, na kila ikinyesha mume wangu anatabasamu kitandani huko chumba cha nyuma, ananiambia, "Sikia mke wangu, kisima chetu kinajaa."