Uzi wa Tatu wa Wegesa

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka naona aibu, kisha furaha inanijaa mpaka nacheka peke yangu. Nilikuwa mwalimu kijana wa baiolojia hapa Musoma, chaki mkononi, kichwa juu. Nilichora DNA ubaoni: nyuzi mbili zilizosokotana, basi. Nikaeleza kwamba ndani ya seli DNA hiyo hukazwa mpaka ijiviringe yenyewe.

Wegesa, binti wa wafugaji wa Nyamuswa, akanyoosha mkono. Akauliza, ikikazwa kinyume cha msokoto wake, nyuzi haziwezi kuachana mahali, mmoja ukajikunja ukalala juu ya pale zilipo bado mbili, zikawa tatu? Nikamwambia hiyo ni kamba ya ng'ombe, si sayansi. Darasa likaangua kicheko na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Wiki ile ile akaniletea barua ya kuomba kuacha masomo ya sayansi.

Jumamosi nikaenda Guta kwa baba mdogo, msokotaji wa kamba za katani, nikamsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Alichukua kamba ya nyuzi mbili, akanishikisha ncha moja, akaizungusha kinyume. Pale katikati nyuzi zikaachana, mmoja ukajikunja ukalala juu ya sehemu iliyokuwa bado imesokotana.

"Kamba inafanyaga hivi kila siku," akasema. "Huyo mtoto ameiona kwa mikono yake. Wewe uliangalia wapi?"

Nikarudi mbio nyumbani kwangu Nyakato, hapa hapa Musoma. Kitabu changu cha chuo kilikuwa juu ya kabati, sura zake za mwisho nilikuwa sijawahi kuzigusa. Nikazifungua. Mwanangu, ilikuwemo! Nyuzi za DNA iliyokazwa kinyume huweza kuachana mahali fulani, mmoja ukarudi nyuma na kulala juu ya pale zilipo bado mbili, zikawa tatu, na mwenzake ukabaki peke yake. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja na fimbo, akidhani kuna nyoka.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa lile lile nikasema nilikosea, kisha nikampa Wegesa chaki. Akachora taratibu. Alipomaliza akaugusa ule uzi uliobaki.

"Na huu wa peke yake, mwalimu, unafanya nini?"

"Sijui," nikamjibu.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mchana akaja ofisini, akaomba barua yake, akaichana mbele yangu. Nilitamani kuruka kama mtoto.

Nawe Jumatatu unaanza kufundisha Butiama. Ukiulizwa jambo usilolijua, usijifiche kwenye kicheko. Sema hujui, nenda katafute, na ukikuta ulikosea, kiri kosa pale pale ulipomwaibisha mwenzio. Mungu akupe wanafunzi watakaokupita, na akupe moyo wa kuwapa chaki.