Vyuma Vilivyotundikwa Kati ya Samaki

Habari ilinikuta Malaba, pembeni mwa foleni ya malori: mama aliyeuza samaki wa chumvi Busia, ambaye nyuma ya stoo yake nilipanga chumba nilipotoka chuo kikuu, amefariki. Aliyenipigia simu ni mmoja wa akina mama wanaochambua samaki pale. Hakulia. "Kijana wetu, mama ametuacha," alisema. "Tunamzika kwao Bukhayo Jumamosi. Usikose." Wasomaji wangu wanajua kwamba siamini sifa za matangani, ambako kila marehemu alikuwa mpole. Huyu hakuwa mpole. Alikuwa mbishi kuliko mimi, na ndiyo sababu ninamwandika.

Mwaka niliohamia pale, mchambuzi mmoja wa samaki aliegemea bomba la chuma linalobeba nyaya za umeme ukutani, miguu yake ikiwa kwenye sakafu yenye maji ya chumvi. Umeme ukamtupa chini. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haukurudi kuwa kama zamani. Fundi kutoka Malaba alipochunguza, alikuta kiungo kimoja cha mabomba kimeliwa na chumvi mpaka kikawa unga mweupe, kwa hiyo umeme uliovuja haukuwa na njia ya kwenda ardhini. Siku hiyo hiyo mama alizima umeme wa stoo nzima. Mabomba ya plastiki hakutaka kuyasikia, kwa kuwa panya walishayatafuna zamani. Fundi akamshauri, "Mama, weka viungo vya shaba ya manjano. Hiyo, chumvi haiiwezi."

"Nani amekuambia?"

"Wenye duka."

"Wa duka anauza. Mimi nataka kuona."

Akanunua viungo vya kila aina: aluminiamu, shaba ya manjano, chuma kilichopakwa zinki nyembamba na kilichopakwa nene. Akavifunga kwa kamba na kuvitundika kati ya samaki msimu mzima wa mvua. Soko lilicheka. Mnunuzi mmoja wa kutoka Uganda alisimama mlangoni akauliza, "Nyabo, hawa samaki wako wa chuma ni pesa ngapi kilo?" Mama hakuinua hata uso. "Hao hawajakauka, boss. Rudi mvua ikiisha."

Mvua ilipoisha, shaba ya manjano ilikuwa imevishinda vyote, na fundi alikuwa na furaha. Mimi, kwa tabia yangu ya kutoridhika, nikasema, "Lakini mama, umevitundika kila kimoja peke yake. Ukutani vitafungwa kwenye bomba la chuma. Vikikaa pamoja itakuwaje?" Fundi akanikazia macho. "Wewe kijana, unataka tukae giza mpaka lini?" Swali lake lilikuwa la haki. Jokofu lilikuwa limegeuka kabati, na wateja wa samaki wabichi walikuwa wameanza kuhamia kwa jirani. Mama akafunga kila kiungo kwenye kipande cha bomba, akaniambia, "Shika kamba."

Msimu wa pili akina mama walichambua samaki karibu na mlango, kwa mwanga wa nje. Baadhi ya wateja waliondoka na hawakurudi tena. Tulipofungua kamba, shaba ilikuwa bado inang'aa, lakini kipande cha bomba kilichoshikana nayo kilikuwa kimeliwa vibaya. Kiungo cha chuma chenye zinki nene, kama ya bomba lenyewe, kilikuwa kimefifia tu. Hicho ndicho alichokichagua. Hata hivyo akaamuru mabomba yapanguswe kila wiki kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu hata hicho hakukiamini kabisa.

Mji huu wa mpakani unajenga kwa haraka, na vitu vingi ukutani huchaguliwa kwa kung'aa kwake. Sisi tuliosoma tunajiona tofauti kwa kuwa tunahoji: viongozi, makanisa, wazee wetu. Tunahoji asubuhi, na jioni tumeshahamia hoja nyingine. Swali langu halikunigharimu chochote. Jibu lake alilitafuta yeye, akiwa gizani, huku biashara yake ikipungua.

Jumamosi, baada ya mazishi, nilipitia stoo. Yule mchambuzi aliyeumia alikuwa anapangusa mabomba kwa mkono wa kushoto. Alipochoka aliliegemea bomba kwa bega, akaendelea kuongea nami bila kulifikiria. Nadhani shaka ina thamani mtu anapokubali kukaa nayo hadi mwenzake aweze kuegemea ukuta hivyo.